Uso Umeumbwa na Haya

Ilikuwa saa nne usiku, umeme umekatika tangu magharibi, nami nimejilaza kitandani Dodoma, simu nimeishika juu ya uso. Nilikuwa namrekodia dada yangu sauti WhatsApp kuhusu michango ya harusi ya mtoto wa kaka yetu. Niliongea dakika mbili nzima. Nilisema kwamba Baba Mdogo wa Pangani, mtu mwenye shamba zima la minazi, ameahidi shilingi 50,000 kwa mtoto aliyembeba mgongoni, na kwamba ubahili ukimwingia mtu hata damu yake mwenyewe haimuumi. Nikaachia kidole, sauti ikaondoka. Ndipo nikaiona ile picha ndogo pale juu. Haikuwa ya dada. Ilikuwa ya marehemu babu na bibi wamekaa kwenye viti vya kamba mbele ya nyumba ya Ngamiani, picha ya kundi la familia, lenye watu 61.

Kwanza tumbo lilishtuka. Halafu joto likaanza shingoni. Likapanda taratibu, likatanda mashavuni, likaishia kwenye ncha za masikio, na hapo ndipo lilipowaka hasa, kama nimeinamia jiko la mkaa kupuliza moto. Niliweka mgongo wa kiganja shavuni, vile tunavyompima mtoto homa. Shavu lilikuwa la moto kweli. Chumbani hapakuwa na mtu wa kuniona, na giza lilikuwa totoro. Hata kama taa ingewaka na mtu akasimama mlangoni, asingeona chochote, maana mimi ni mweusi wa kukolea, na wekundu kwenye uso wangu haujawahi kuonekana na yeyote, hata na mama aliyenizaa.

Niliifuta ile sauti kwa wote. Ila nilipokuwa nimebonyeza kutazama ni nani walioisikiliza, jina la Baba Mdogo lilikuwa la kwanza. Asubuhi aliniandikia pembeni, maneno mawili tu: "Nimekusikia, mwanangu." Nilikuwa nimesimama kwenye daladala, na lile joto likarudi lote, kwa njia ile ile, shingo kwanza kisha mashavu.

Nimefundisha bayolojia sekondari miaka kumi na moja. Moyo na mishipa ya damu nimeichora ubaoni mara zisizo na idadi. Lakini swali hili sikuwahi kujiuliza mpaka siku ile: damu yangu ilikuwa inakimbilia usoni kufanya nini? Kama ni kuwaonyesha watu kwamba nimetambua kosa langu, basi imepeleka barua mahali ambapo hakuna anayeweza kuisoma. Nimekuwa nikisoma na kufikiri juu ya jambo hili miezi kadhaa sasa, na naona linatuhusu sisi watu weusi kuliko tunavyodhani.

Nianze na mwili wenyewe.

Mtu anaposhtuka au kuogopa, mishipa ya damu ya ngozi kwa kawaida hujibana. Ndiyo maana mikono huwa baridi kabla ya mtihani. Damu inaondolewa kwenye ngozi, inapelekwa kwenye misuli, endapo itabidi kukimbia au kupigana. Uso haufuati kanuni hiyo. Katika ngozi ya mashavu mishipa ni mingi, ni mipana zaidi, na iko karibu na juu. Tena mwaka 1982 watafiti wa Sweden walichunguza vipande vya vena za uso wa binadamu, wakakuta vina vipokezi vya namna ambayo adrenalini inapovigusa, mshipa hutanuka. Kwa hiyo homoni ile ile inayoifanya mikono yako kuwa ya baridi ndiyo inayolifungulia bomba shavu lako. Amri inatoka kwenye mfumo wa neva usiongoja ruhusa yetu, ule ule unaoendesha mapigo ya moyo na jasho. Unaweza kuzuia machozi kwa kuuma meno. Kicheko unaweza kukimeza. Hili la usoni huliwezi, na ukijaribu kulizuia ndivyo linavyozidi.

Sasa ngozi. Rangi yetu, melanini, imekaa kwenye tabaka la juu, na mishipa ya damu iko chini yake. Kwa mtu mweupe lile tabaka la juu ni kama kioo, damu ikijaa inaonekana. Kwetu ni pazia. Nyuma ya pazia mambo ni yale yale. Ukiweka kipimo cha mtiririko wa damu kwenye paji la uso la mtu mwenye ngozi nyeusi aliyeaibika, kinapanda. Niliyoyasikia kwa mgongo wa kiganja usiku ule hayakuwa mawazo yangu tu.

Darasa la tano nilikaa dawati moja na msichana mwenye ualbino. Alikuwa na sauti nzuri na alipenda kusoma kwa sauti, jambo ambalo wengi wetu tulilikwepa. Siku moja mwalimu alimsimamisha asome kitabu cha Kiingereza, akafika kwenye neno lenye herufi isiyotamkwa, naye akaitamka. Darasa likacheka. Nilikuwa nimekaa karibu yake mno, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa binadamu. Wekundu ulianza kama madoa mawili chini ya macho. Madoa yakaungana juu ya pua, yakasambaa kwenye paji, yakateremka shingoni mpaka kwenye kola ya shati. Masikio yake yakawa kama yanapitisha mwanga. Mwalimu akasema, "Tazameni anavyoiva." Neno hilo likashika. Kuanzia hapo wenzetu walikuwa wakimtafutia sababu ya kumwivisha, na wakifanikiwa wanapiga makofi.

Kipindi kile kile mvulana wa nyuma yetu alisoma neno hilo hilo, akakosea vile vile, akachekwa, akakaa. Bila shaka na yeye alichomeka. Lakini yake ilibaki yake. Ya rafiki yangu ilisomwa na darasa zima. Alipofika darasa la sita alikuwa ameacha kabisa kunyoosha mkono. Mimi sikumtetea, na hilo nimelibeba mpaka leo, kwa sababu katika watoto sitini mle ndani ni mimi peke yangu niliyekuwa karibu kiasi cha kuona kwamba chini ya ule wekundu midomo yake ilikuwa inatetemeka.

Watu walioliandika jambo hili kwanza hawakuwa wema kwetu. Mwaka 1839 daktari Mwingereza, Thomas Burgess, alichapisha kitabu kizima juu ya wekundu wa haya. Aliamini Muumba ameuweka mashavuni ili roho iweze kuonyesha hadharani hisia zake za ndani. Kwa hoja hiyo ukamkuta mtu ambaye mashavu yake hayaonyeshi kitu, uko hatua moja tu kutoka kusema kwamba hana cha kuonyesha. Na watu walisema hivyo. Mhispania mmoja alitupa kebehi juu ya watu wa asili wa Amerika ya Kusini, msafiri Mjerumani Alexander von Humboldt akaiandika kwenye habari za safari zake: watawezaje kuaminiwa wale wasiojua kuiva kwa haya?

Soma sentensi hiyo tena ukijua ni karne ya aina gani. Ilikuwa karne ya masoko ya watumwa. Hoja ya kwamba watu fulani hawana haya haikuwa mazungumzo ya chai. Asiye na haya hana dhamiri, na asiye na dhamiri unaweza kumfanya upendavyo na ukalala usingizi.

Charles Darwin aliikuta kebehi hiyo alipokuwa akiandika kitabu chake cha 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, na kwa heshima yake nasema hakuipita hivi hivi. Alibainisha kwamba Humboldt ameinukuu bila kuipinga. Miaka mitano kabla, 1867, alikuwa ametuma orodha ya maswali kwa wamisionari na watu wengine walioishi sehemu mbalimbali za dunia. Swali moja liliuliza kama haya huleta wekundu pale rangi ya ngozi inaporuhusu uonekane, na kama unashuka hadi wapi mwilini. Majibu yalipokusanyika, alihitimisha kwamba kuiva kwa haya ni jambo la jamii nyingi za wanadamu, pengine zote, liwe linaonekana au halionekani. Katika ushahidi wake kuna kisa alichokichukua kwenye maandishi ya yule Burgess, na kisa hicho kimenikaa moyoni. Burgess alipata nafasi ya kumtazama mara kwa mara mwanamke mweusi mwenye kovu usoni. Lile kovu lilikuwa limepoteza rangi. Kila mwanamke yule aliposemeshwa kwa ghafla, au kutuhumiwa kosa dogo, kovu liligeuka jekundu. Wekundu ulianzia kwenye kingo, ukaelekea katikati, usifike.

Jina lake hatukuachiwa. Tumeachiwa kovu lake tu, kama dirisha dogo kwenye ukuta, na watu wawili wasomi wakichungulia. Huwa najiuliza ni nani aliyekuwa akimsemesha kwa ghafla na kumtuhumu mara nyingi kiasi hicho mpaka daktari akapata nafasi ya kuangalia vizuri.

Darwin alikiita kitendo hiki cha kibinadamu kuliko vyote vinavyotokea usoni. Nyani huwa wekundu kwa hasira, lakini si kwa haya. Mtoto mchanga hulia mpaka akawa mwekundu, lakini haya hana. Kiini cha jambo, kwa maneno yake, ni kufikiri wengine wanatufikiriaje. Ila aliona pia tatizo lililonisumbua mimi kitandani. Kama wekundu huu ni ishara iliyotengenezwa makusudi, kwa nini watu weusi nao wanaiva, ambao mabadiliko ya rangi kwao hayaonekani au yanaonekana kwa shida? Aliliweka swali hilo mbele ya wale walioamini kazi ya makusudi, kama kizingiti.

Mimi nalichukua swali hilo kwa upande mwingine. Binadamu wa sasa wote wametokana na watu wa Afrika, na ngozi nyeupe ya Ulaya ni jambo la juzi katika hesabu ya vizazi. Kwa hiyo sisi si watu tuliofichiwa ishara waliyo nayo wengine. Sisi ndio kawaida ya zamani, na wao ndio ambao pazia lao lilikuja kuwa jepesi hata siri ikaonekana. Swali la kwa nini binadamu huiva haliwezi kujibiwa kwa kumtazama Mzungu peke yake. Lazima lijibiwe kwa uso kama wangu.

Kuna mambo yamepimwa. Mwaka 2011 watafiti, akiwamo Corine Dijk wa Uholanzi, waliwachezesha watu kwenye kompyuta mchezo wa kuaminiana. Mshirika wako anakusaliti, kisha unaonyeshwa picha ya uso wake, na baadaye unaamua umkabidhi pesa tena au la. Waliokuwa wamesalitiwa walimwamini zaidi yule ambaye picha ilimwonyesha ameiva kuliko yule ambaye uso wake ulikuwa wa kawaida. Yaani wekundu ulizungumza badala yake: najua nilichofanya, na sitakirudia. Hii inasaidia kueleza kwa nini jambo lisilozuilika linaweza kuwa na thamani. Machozi mtu anaweza kuyaigiza, tumeyaona kwenye misiba. Shavu halidanganyi.

Nilipousoma utafiti huo nilifurahi, kisha nikamkumbuka yule Mhispania. Maana kumbe alikuwa anasema kweli kuhusu moyo wake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamezoea kuamini rangi, na alipokutana na nyuso zisizobadilika rangi akakosa pa kushika. Kosa lake ni kudhani upungufu uko usoni mwa aliyekuwa anatazamwa.

Kwa sababu aibu haina rangi peke yake. Dacher Keltner wa Marekani aliwarekodi watu walioaibika na kutazama picha zao taratibu, akachapisha mwaka 1995. Alikuta mfuatano ambao unachukua kama sekunde tano: macho yanashuka, kunakuja tabasamu linalobanwa na midomo, kichwa kinageukia pembeni na kuinama, mkono unagusa uso. Ukimsomea bibi yeyote wa Tanga habari hizi atakuuliza kama huyo bwana alihitaji kamera. Sisi tumelelewa kwenye ishara hizo. Msichana anayeulizwa habari ya posa anachora mchanga kwa kidole gumba cha mguu. Anauma pindo la kanga. Mvulana aliyefumaniwa na uongo anajikuna kisogo. Watu wa pwani wanazisoma alama hizi kwa umahiri ambao mtu aliyezoea kusubiri rangi hawezi kuufikia.

Na hapa ndipo lugha yetu iliponishangaza.

Kiswahili hakina neno moja la kawaida ambalo maana yake ni wekundu wa haya na hapo ikaishia. Tunasema mtu ametahayari, ameona haya, ameumbuka, ameadhirika, uso umemshuka. Kwa mtu mweupe tunaweza kusema ameiva. Lakini tazama tunavyomsema asiye na haya. Tunasema ana macho makavu. Mkavu wa macho huyo. Ana uso mkavu. Vijana wanamwita kauzu, jina lile lile la dagaa wa kuanikwa. Na katika hadithi zetu mwenye kuaibika kijasho chembamba humtoka. Wazee waliotunga maneno haya walikuwa wakitazamana nyuso nyeusi, na katika nyuso hizo hawakutafuta rangi. Walitafuta umajimaji. Aliye na haya uso wake una kitu kinachotembea chini yake, macho yana unyevu, paji linalowa. Aliyekwisha kukosa haya amekauka, hakuna kinachopita. Nikirudi kwenye mchoro wangu wa ubaoni, mishipa iliyotanuka na damu iliyojaa, naona wamesema jambo sahihi bila kuwahi kulipasua wala kulipima.

Tena tunasema uso umeumbwa na haya. Nilikuwa naichukulia methali hii kama onyo la adabu, watu wanapokutana uso kwa uso wataoneana haya, basi ongea naye ana kwa ana usimseme pembeni. Ndivyo inavyotumika. Mtu aliyekutukana kwenye simu akija mbele yako hawezi kurudia. Ningeikumbuka methali hiyo kabla ya kubonyeza ile sauti, ningempigia Baba Mdogo mwenyewe.

Maneno yenyewe yametoka mahali tofauti. Aibu tumeipata kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni kasoro, dosari. Haya nayo ni ya Kiarabu, na wanazuoni wa lugha hiyo huihusisha na neno la uhai, kwa kuwa shina lao ni moja. Kwenye madrasa tulifundishwa hadithi ya Mtume kwamba haya ni katika imani, na nyingine isemayo ukiwa huna haya basi fanya utakalo. Ila kuna soni. Soni ni yetu ya Kibantu, na ukisafiri utaikuta njiani kote: Wakikuyu wana thoni, Waganda wana ensonyi, Wanyarwanda na Warundi wana isoni, na wa Lingala wana nsoni. Kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga, watu weusi wa sehemu kubwa ya bara hili walikuwa na neno la hisia ambayo mtu kama yule Mhispania alidhani haipo pale isipoonekana.

Kwa matumizi, haya na aibu si pacha. Haya hukaa mbele ya tendo, inakushika mkono. Aibu inakuja nyuma, tendo limekwisha. "Ana haya" ni sifa, hata mkwe anatafutwa kwa hilo. "Ametia aibu" ni hukumu. Usiku ule niliyokosa ni haya, nikalipwa kwa aibu.

Lakini bado sijalijibu swali la kitandani. Kama hakuna wa kuona, kwa nini?

Utafiti mmoja wa Amsterdam uliochapishwa 2024, ukiongozwa na Milica Nikolić, umenisogeza mbele. Wasichana wa miaka 16 hadi 20 waliimba nyimbo zilizochaguliwa kwa sababu ni ngumu kuziimba vizuri, wakarekodiwa. Baadaye wakalazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuonyeshwa video zao wenyewe, huku joto la shavu likipimwa, na waliambiwa kwamba wengine pia wataziona. Mashavu yalipata joto zaidi walipojitazama wao kuliko walipowatazama wengine. Watafiti walikagua kama sehemu za ubongo zinazotumika kukisia mawazo ya wengine zinafanya kazi. Hawakuziona zikijitokeza. Kilichojitokeza ni sehemu zinazohusika na msisimko wa hisia na umakini wa kuona. Maana yake, pengine huhitaji kukaa na kupiga hesabu fulani anawaza nini juu yangu. Inatosha kujiona ghafla, kwa nje, kama wanavyokuona.

Hilo ndilo lililonipata. Nilipoiona ile picha ya babu na bibi, kwa nukta moja niliisikia sauti yangu kwa masikio ya wale watu 61. Sikufikiri. Nilijisikia.

Ndiyo sababu siamini kwamba joto hili ni barua kwa wengine tu. Naamini kwanza ni barua kwa mwenyewe. Damu ikifika usoni mwangu, mimi nasikia, hata kama hakuna anayeona. Ni mwili unaoniambia simama hapo hapo, umevuka mpaka, kabla akili haijapata muda wa kutafuta visingizio. Na akili yangu ilivitafuta, baadaye kidogo: kwamba nilichosema ni kweli, kwamba kila mtu anakijua, kwamba kosa ni la simu. Lakini shavu lilikuwa limekwisha kutoa ushahidi. Hapo macho yanashuka, kichwa kinainama, sauti inapungua, na hayo sasa kila mtu anayaona, mweusi kwa mweupe. Hii ni rai yangu mimi, si ya maabara, nami naishikilia.

Kuna pia ile tunayoiita "aibu naona mimi", unapomtazama mwenzako anaharibu hotuba ya harusi na wewe ndiye unayeinama. Hiyo nayo imepimwa: Marekani waliwaonyesha watu video ya rafiki yao akiimba, na nyuso za marafiki zikapata joto, kuliko za watu wasiomjua mwimbaji. Joto linamfuata unayempenda. Kama darasa la tano ningekuwa rafiki wa kweli kama nilivyojiita, mashavu yangu yangewaka siku ile. Sikumbuki yakiwaka.

Na sitaki kupita bila kuwataja wale ambao jambo hili limekuwa mateso kwao, wanaoogopa kuiva mpaka wanaacha kazi, na hofu hiyo hiyo ndiyo inayowaivisha. Wapo waliofanyiwa upasuaji wa kukata neva zilizo karibu na uti wa mgongo, ndani ya kifua, ili uso utulie, na baadhi yao wamebaki wakitokwa na jasho jingi mgongoni na tumboni maisha yote. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia husaidia wengi bila kisu. Ukiwa na mwanafunzi wa namna hiyo, wewe mwalimu mwenzangu, usimtangazie darasa kwamba ameiva.

Wiki mbili baada ya ile sauti nilipanda basi mpaka Tanga, nikashika gari la Pangani, nikavuka mto kwa kivuko mpaka Bweni. Nilibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai. Njiani kutoka kivukoni nilipita shambani kwake, maana njia ndiyo hiyo. Sikuwa nimefika pale kwa miaka sita. Minazi ilikuwa imesimama bila vichwa, vigogo vitupu, safu kwa safu, kama nguzo za simu. Ugonjwa wa kunyong'onyea ulikuwa umepita. Iliyobaki na makuti nilihesabu tisa.

Nilimkuta ukumbini, amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nilikaa. Joto lilikuwa limekwisha kupanda tangu nilipoiona minazi. Nilisema nilichokuja kusema, na nilikisema nikiutazama mkeka, sikuweza kuinua uso. Niliposita kidogo kutafuta pumzi nikaona mkono wake. Alikuwa akichokoa ukili uliofumuka kwenye kingo ya mkeka, anauchomoa, anaurudisha, anauchomoa tena.

"Mimi ndiye niliyeona haya," akasema. "Elfu hamsini, kwa mtoto niliyembeba."

Na yeye alikuwa akiutazama mkeka. Shangazi alileta chai, akaiweka katikati yetu, akatutazama wote wawili, akaondoka bila neno. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, chai imepoa, ule ukili umefumuka urefu wa shibiri.